Kipenyo Kimoja, Majibu Matano: Kupima Tundu Lililogeuka Umbo Ndani ya Programu ya Uigaji

Kisa hiki kinahusu tundu moja la beringi (pete inayoishika shafti ili izunguke kwa wepesi), seti moja ya matokeo ya uigaji, na vipenyo vitano tofauti vilivyotolewa na wahandisi waliokuwa wakitazama matokeo yaleyale. Kipenyo kidogo kabisa kati ya hivyo kilikuwa milimita 79.995 na kikubwa kabisa milimita 80.375. Hakuna aliyekosea hesabu ya nguvu wala ya mkazo. Modeli ilikuwa sahihi na ukokotoaji ulikamilika bila onyo lolote. Tofauti yote ilizaliwa baadaye, pale ambapo kila mmoja alichukua umbo lililogeuka na kulipima kwa njia yake. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hatua hiyo ya mwisho huchukuliwa kuwa kazi ndogo ya dakika chache, ilhali ndiyo iliyoamua kama kipande kitafanya kazi au la.

Kipande na swali

Nyumba ya beringi iliyochambuliwa ilikuwa ya aloi ya alumini, nayo ilikusudiwa kupokea beringi ya namba 6208, ambayo kipenyo chake cha ndani ni milimita 40, cha nje milimita 80, na upana wake milimita 18. Mchoro ulidai tundu liwe la 80 H7, maana yake kipenyo kisipungue milimita 80.000 wala kisizidi 80.030, na umviringo, yaani ukaribu wa umbo na duara kamili, usipotoke zaidi ya mikroni 10 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Katika modeli tundu liliwekwa katikati ya toleransi (upana wa vipimo vinavyoruhusiwa), yaani milimita 80.015. Nyumba ilifungwa kwa boliti tatu zilizoachana kwa nyuzi 120 kwenye ncha ya mkono wa chuma wenye urefu wa milimita 300, na mzigo wa shafti ulivuta ncha hiyo kuelekea chini.

Uigaji ulifanywa kwa mbinu ya elementi finiti, ambayo hugawa kipande katika sehemu ndogo (elementi) zinazoungana kwenye nukta ziitwazo nodi. Ulikuwa na hatua mbili: kwanza boliti zikakazwa, kisha mzigo ukawekwa. Uchambuzi ulichukulia kwamba misogeo ni midogo, jambo lililofaa kwa kipande cha namna hii. Mwishoni mwa hatua ya pili ncha ya mkono ilikuwa imeshuka milimita 0.18, na nyumba nzima imezunguka kwa radiani 0.0009 kuuzunguka mhimili wa tundu, kama inavyotarajiwa kwa mkono ulioshikwa upande mmoja. Swali lililoulizwa lilikuwa moja: boliti zikiisha kukazwa na mzigo ukiwapo, kipenyo cha tundu ni kiasi gani?

Majibu matatu ya mwanzo

Jibu la kwanza lilitokana na chombo cha kupimia kilichomo ndani ya programu yenyewe. Mhandisi aliteua uso wa tundu, akabofya, akapata milimita 80.015. Usawa huo kamili na kipimo cha awali ulipaswa kumshtua. Zana nyingi za aina hiyo husoma jiometria iliyochorwa kabla ya uigaji, si nodi zilizosogea. Picha iliyoko kwenye skrini inaweza kuonyesha umbo lililopinda, lakini namba inayotolewa ni ya umbo la zamani. Namna rahisi ya kukijaribu chombo ni kukiulizia kitu ambacho jibu lake linajulikana: ipe modeli msogeo mkubwa wa kulazimishwa, kisha pima tena. Namba isipobadilika, chombo hicho hakitazami mgeuko.

Jibu la pili lilipatikana kwa kuchagua nukta mbili zinazokabiliana kwenye picha ya umbo lililogeuka na kusoma umbali kati yake. Mlalo ulitoa milimita 80.338 na wima ukatoa 79.940. Hapa tatizo lilikuwa kizidisho cha mwonekano. Msogeo wa milimita 0.18 hauonekani kwa macho kwenye kipande chenye urefu wa mamia ya milimita, kwa hiyo programu, bila kuulizwa, iliuzidisha mara 100 ili mtazamaji aone kinachotokea. Hilo ni jambo jema kwa kuelewa mwelekeo wa mgeuko, lakini umbali wowote unaosomwa kwenye picha hiyo ni wa kitu ambacho hakipo.

Mhandisi alikijua kizidisho hicho, akajaribu kujirekebisha: akatoa 80.015 kutoka kila kipimo, akagawa kwa 100, akapata ongezeko la mikroni 3.2 kwa mlalo na upungufu wa mikroni 0.8 kwa wima, yaani takriban milimita 80.018 na 80.014, akazitoa kama jibu lake. Majibu sahihi, kama tulivyoyapata baadaye, yalikuwa sifuri kwa mlalo na upungufu wa mikroni 4 kwa wima. Marekebisho yalishindwa kwa sababu umbali kati ya nukta mbili haukui sawia na kizidisho. Katika uchambuzi unaochukulia misogeo kuwa midogo, mzunguko huwakilishwa kwa kila nodi kusogea kwenye mstari mnyoofu ulio mguso wa duara, badala ya kufuata tao lake. Nodi inayosogea hivyo huishia mbali kidogo zaidi na kitovu kuliko ilikoanza, na kipande kizima huonekana kimevimba kwa takriban nusu ya mraba wa pembe. Kwa radiani 0.0009 uvimbe huo ni mdogo kiasi cha kutotajika. Ukiuzidisha msogeo mara 100, pembe inakuwa radiani 0.09, na tundu la milimita 80 linapanuka kwa uongo kwa milimita 0.32. Ukigawa tena kwa 100, zinabaki mikroni 3.2 ambazo hakuna nguvu yoyote iliyozisababisha.

Ningependa msomaji asiliache jambo hili kwenye kizidisho tu. Kama nyumba yenyewe ingezunguka kweli kwa nyuzi 1, uvimbe huo wa uongo ungekuwa mikroni 12 kwenye kipenyo cha milimita 80 hata picha ikiwa katika kizidisho cha 1. Hizo ni zaidi ya theluthi ya toleransi nzima ya H7. Kipande kinachozunguka kiasi hicho hakina budi kuchambuliwa kwa hesabu inayokubali misogeo mikubwa, hata kama mkazo wake ni mdogo na metali yake haijakaribia kugeuka umbo moja kwa moja.

Jibu la tatu lilikuwa la mtu mwangalifu zaidi, na kosa lake ndilo ninalokutana nalo mara nyingi. Aliunda mfumo wa majiranukta wa silinda wenye mhimili katikati ya tundu, akaomba msogeo wa kila nodi kuelekea nje kwenye nusu kipenyo, akasoma thamani kubwa kabisa: milimita 0.180. Akaizidisha mara mbili, akajumlisha na kipimo cha awali, akaripoti kwamba tundu limepanuka hadi milimita 80.375 na kwamba usanifu haufai. Thamani ndogo kabisa, ambayo hakuitazama, ilikuwa −0.184. Kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imeshuka milimita 0.18, nodi za chini zilionekana zikienda nje na za juu zikionekana zikija ndani, ilhali tundu lilikuwa limehama tu pamoja na kila kitu kilicholizunguka. Mhimili wa mfumo wa majiranukta ulibaki pale ulipoundwa, tundu liliondoka.

Jibu la nne, lililoaminika

Baada ya hapo tulikubaliana kuacha picha na kufanya kazi na namba. Tulitoa majiranukta ya awali ya kila nodi iliyo kwenye uso wa tundu, tukatoa misogeo yake mitatu katika mfumo mkuu wa modeli, tukajumlisha, na kupata mahali halisi pa kila nodi. Hii ndiyo hatua ambayo sasa naiona kuwa ya lazima katika kila kazi ya namna hii. Programu ya ParaView hufanya jambo lilelile kwa kichujio kinachosogeza nodi kwa vekta, mradi kizidisho chake kibaki 1. Lakini jedwali la kawaida au programu fupi ya Python inatosha, na ina faida kwamba kila hatua inaonekana.

Kisha tukachukua kila jozi ya nodi zinazokabiliana na kukokotoa umbali wake. Katika wima nodi ya chini ilikuwa imesogea nje milimita 0.178 na ya juu imekuja ndani 0.182, mhamo wa nyumba ukajifuta wenyewe, na kikabaki kipenyo cha milimita 80.011. Katika mlalo kipenyo kilibaki 80.015. Vipenyo vingine vyote vilianguka kati ya hivyo viwili. Tundu zima lilikuwa ndani ya H7 kwa nafasi kubwa pande zote. Ripoti ikaandikwa, usanifu ukapita, kipande kikatengenezwa. Karakana ililipima tundu kwa geji ya ndani ya ncha mbili huku boliti zikiwa zimekazwa, ikapata milimita 80.012. Uigaji na kipimo halisi vilikuwa vimekubaliana kwa mikroni 1.

Beringi iliingia kwa mkono wakati nyumba ikiwa haijafungwa. Boliti zilipokazwa, shafti ikawa nzito kuzungusha.

Geji ya ncha tatu

Kilichofungua fumbo si programu bali fundi. Aliibana nyumba bila beringi, akachukua maikromita ya ndani ya ncha tatu, akapima, akaizungusha kidogo ndani ya tundu, akapima tena. Namba zilikuwa zikipanda na kushuka kati ya milimita 79.994 na 80.032 kadiri alivyozungusha. Geji ya ncha mbili, kwenye tundu lilelile, haikutikisika.

Tofauti hiyo ina maelezo ya uhakika ya kihisabati. Boliti tatu zinapovuta nyumba, tundu hupata vilele vitatu na mabonde matatu. Kila kilele kinakabiliana na bonde moja kwa moja, ng'ambo ya kitovu, kwa sababu kosini ya mara tatu ya pembe hubadilisha alama unapoongeza nyuzi 180. Upande mmoja ukienda nje kwa mikroni 9, upande wa pili unaingia ndani kwa mikroni 9, na umbali kati yake haubadiliki hata kidogo. Kipimo cha nukta mbili hakiwezi kuona umbo lenye idadi witiri ya vilele, si kwa geji wala kwa nodi. Tulikuwa tumechagua, bila kujua, kipimo pekee ambacho kwa asili yake hakioni kitu ambacho boliti tatu husababisha. Na kisha tukakithibitisha kwa geji yenye upofu uleule.

Kukubaliana kwa uigaji na karakana, ambako kulitufariji sana, kulithibitisha tu kwamba njia zote mbili zilikuwa zikiuliza swali moja. Kwa kipande kilichofungwa kwa boliti nne hali ingekuwa tofauti: vilele vinne hukabiliana kilele kwa kilele, na geji ya ncha mbili ingeyaona yote. Wanaonoa silinda za injini hulifahamu jambo hili kwa njia ya vitendo, ndiyo maana baadhi yao hufunga bamba nene juu ya bloku kwa boliti zilizokazwa kama za kichwa cha injini kabla ya kunoa, ili silinda iwe duara katika hali itakayofanyia kazi.

Kupima upya

Tulirudi kwenye nodi zilezile na kubadilisha swali. Badala ya umbali kati ya nodi mbili, tulitafuta duara linalopita katikati ya nodi zote kwa njia ya jumla ndogo kabisa ya miraba, kisha tukachambua mabaki kwa mfululizo wa Fourier kuzunguka mzingo, yaani kuyagawa katika mawimbi (hamoniki) yanayojirudia mara moja, mbili, tatu na kuendelea kwa kila mzunguko. Kila hamoniki ya mfululizo huo ina maana inayogusika. Hamoniki ya sifuri ni mabadiliko ya nusu kipenyo cha wastani, na hapa ilikuwa upungufu wa mikroni 1. Hamoniki ya kwanza si mgeuko hata kidogo. Ni mhamo wa kitovu, na thamani yake ilikuwa mikroni 180, ndiyo ile ile iliyomdanganya mwenzetu wa jibu la tatu. Ya pili, mikroni 1, ni uyai uliosababishwa na mzigo. Ya tatu ilikuwa mikroni 9. Mtu akiona orodha hiyo hahitaji kuelezwa zaidi: mzigo ambao tulikuwa tukiuhofia haukuwa na madhara, na boliti ambazo hatukuzifikiria ndizo zilizoharibu tundu.

Umviringo ukatoka mikroni 19.5 kutoka kwenye duara la miraba midogo. Kiwango cha ISO 12181 kinatambua maduara manne ya rejea: la miraba midogo, la ukanda mwembamba kabisa, dogo kabisa linalozunguka nukta zote kwa nje, na kubwa kabisa linaloingia ndani yake. Kwa ukanda mwembamba kabisa tulipata mikroni 19.0. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, lakini ripoti isiyotaja ni ipi iliyotumika inamwacha msomaji akikisia. Kwa vyovyote vile, mchoro uliruhusu mikroni 10.

Duara lililotufaa zaidi lilikuwa lile kubwa kabisa linaloingia ndani, kwa kuwa ndilo linalojibu swali la beringi: je, kitu cha mviringo kitapita? Kipenyo chake kilikuwa milimita 79.995. Pete ya nje ya beringi ya kawaida ya ukubwa huu inaweza kutengenezwa kuanzia milimita 79.987 hadi 80.000. Pete iliyo karibu na kikomo cha juu ilikuwa ikibanwa katika sehemu tatu na tundu ambalo kila kipenyo chake, kikipimwa kwa nukta mbili, ni milimita 80.011 au zaidi. Tulipoigiza ncha tatu za maikromita juu ya nodi zetu, tulipata 79.995 kwenye mabonde na 80.031 kwenye vilele, dhidi ya 79.994 na 80.032 za fundi. Safari hii makubaliano yalikuwa na uzito, kwa sababu kifaa na hesabu vilikuwa vikitazama umbo lenyewe.

Hesabu hii ina sehemu kadhaa ambazo ni rahisi kukosea, na baadhi yake tulizikosea. Nodi hazijapangwa kwa umbali sawa. Wavu wa elementi ulikuwa mzito karibu na boliti na mwepesi kwingineko. Ukizipa nodi zote uzito mmoja, duara linavutwa kuelekea mahali penye nodi nyingi, kwa hiyo kila nodi ipewe uzito kulingana na urefu wa tao inaloliwakilisha. Pia tundu ni silinda, si duara. Tuliukata uso wake katika vimo kadhaa, na mgeuko karibu na flanji (ukingo unaofungwa kwa boliti) ulikuwa mara tatu ya ule wa ndani. Namba zote nilizotaja ni za kimo kibaya zaidi ndani ya upana wa beringi. Kabla ya kukata, mhimili wa silinda iliyogeuka hutafutwa kwanza, na makato hufanywa wima kwake, kwa sababu silinda iliyoinama ikikatwa kwenye bapa la zamani hutoa duaradufu ambayo si mgeuko wa kipande.

Nodi zenyewe ziko juu ya duara la kweli, lakini nyuso za elementi kati yake haziko. Elementi 72 za kingo nyoofu zikizunguka tundu la nusu kipenyo cha milimita 40, katikati ya kila kingo kuna pengo la milimita 0.038 kati ya uso bapa na duara. Zikiwa 36 pengo ni 0.152. Anayechagua nukta popote juu ya uso ulioonyeshwa, badala ya kwenye nodi, anaweza kupoteza milimita 0.076 za kipenyo kwa wavu ambao wengi wangeuita mzuri, nayo ni zaidi ya mara mbili ya toleransi nzima. Elementi zenye nodi za katikati hupunguza pengo hilo sana, ila tu kama nodi hizo ziliwekwa juu ya jiometria ya kweli wakati wavu ulipotengenezwa. Kinga bora tuliyoipata ni kupima mara mbili kwa njia ileile, umbo la awali na umbo lililogeuka, na kushughulika na tofauti. Umbo la awali lisipotoa umviringo wa sifuri, kosa liko kwenye kipimo.

Mwenzetu mmoja alitaka kulipeleka umbo lililogeuka kwenye programu nyingine ya vipimo, akaliandika katika faili la Nastran (programu ya elementi finiti) la muundo mfupi. Muundo huo huipa kila namba nafasi 8 tu. Nyumba yetu ilikuwa imekaa mbali na chanzo cha majiranukta ya mashine nzima, takriban milimita 1240 upande wa hasi, na alama ya kutoa pamoja na nukta ya desimali vilikula nafasi mbili. Zikabaki desimali mbili, yaani hatua za mikroni 10. Grafu ya umviringo ilitoka na ngazi kama za jengo. Muundo mrefu wenye nafasi 16 uliondoa tatizo, na njia nyepesi zaidi ingekuwa kuhamishia chanzo kwenye kitovu cha tundu kabla ya kuandika faili.

Kuhusu joto niseme machache. Vipimo vya kijiometria vinarejelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kama kinavyosema kiwango cha ISO 1. Alumini hutanuka kwa takriban sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi, hivyo tofauti ya nyuzi 10 hubadilisha kipenyo cha milimita 80 kwa mikroni 18. Haigusi umviringo iwapo joto limesambaa sawasawa, lakini inagusa kipenyo cha duara la ndani kwa kiasi cha kuamua jibu.

Mchoro nao ulikuwa upande wa kosa

Ingekuwa rahisi kuwalaumu waliopima. Lakini ISO 14405-1 inasema kwamba kipimo cha mstari kisichokuwa na alama ya ziada kinamaanisha kipimo cha nukta mbili, na ISO 8015 inatenganisha matakwa ya ukubwa na matakwa ya umbo kila moja likajitegemea. Kwa ukubwa, mchoro wetu uliandika 80 H7 bila alama ya ziada. Kwa mujibu wa maneno yake, tundu lilitimiza sharti la ukubwa. Lililovunjwa ni sharti la umviringo, ambalo katika ripoti ya kwanza hakuna aliyelitazama kwa sababu swali tuliloletewa lilikuwa la kipenyo. Herufi E ndani ya duara kando ya kipimo hicho ingedai kwamba silinda kamili ya milimita 80.000 iweze kuingia, sawa na ule upande wa pita wa geji ya plagi (silinda ya kupimia inayoingizwa tunduni). Vilevile mchoro haukutaja kama masharti yanahusu kipande kikiwa huru au kikiwa kimefungwa, na kwa kipande chenye kuta nyembamba hilo ni pengo kubwa; ISO 10579 iliandikwa kwa ajili ya vipande visivyo vigumu vya namna hii.

Ninashikilia kwamba mhandisi wa uigaji ana haki, na pia wajibu, wa kurudisha swali kwa aliyelileta. Duara lina kipenyo kimoja. Umbo ambalo si duara lina vipenyo vingi vyenye maana tofauti, na programu haiwezi kuchagua kwa niaba yetu kati ya kile kinachopita, kile cha wastani, na kile ambacho geji fulani itasoma.

Marekebisho

Baada ya kuona hamoniki ya tatu, dawa ilikuwa dhahiri kuliko tulivyotarajia. Tulichonga mfereji kati ya flanji na ukuta wa tundu ili mvuto wa boliti usifike kwenye kiti cha beringi. Hamoniki ya tatu ilishuka kutoka mikroni 9 hadi 3, umviringo ukawa mikroni 7.6 kwa miraba midogo, na duara la ndani la tundu la milimita 80.015 likawa 80.007.

Hata hivyo, tundu lililotengenezwa kwenye kikomo cha chini cha H7 lingebaki na duara la ndani la milimita 79.992, ambalo bado lingeweza kubana pete kubwa. Kwa kuwa mzigo ulikuwa umetulia juu ya pete ya nje, tulibadilisha H7 kuwa G7, yaani kuanzia milimita 80.010 hadi 80.040, na kuandika kwenye mchoro kwamba vipimo vinahusu kipande kilichofungwa kwa boliti zilizokazwa kama ilivyoagizwa. Tundu dogo kabisa linaloruhusiwa sasa lina duara la ndani la milimita 80.002.

Kipande kipya kilichongwa katikati ya toleransi hiyo, milimita 80.025. Modeli ilitabiri kwamba maikromita ya ncha tatu ingesoma kati ya 80.017 na 80.029. Fundi alisoma kati ya 80.018 na 80.029, kisha akaweka beringi, akakaza boliti, na kuizungusha shafti kwa vidole viwili.